Kuusoma mto kwa wadudu wake na kwa watu wanaoujua: mwongozo kamili

Mtu akitaka kujua mto ni mzima au unaumwa, cha kwanza anachofikiria ni kuchota maji kwenye chupa apeleke maabara. Sawa, peleka, mimi sikatazi. Ila chupa ile imechotwa saa nne asubuhi na anayefungulia maji machafu anafungulia saa nane usiku, kwa hiyo majibu yanarudi mazuri tu na wiki ijayo samaki wanaelea matumbo juu. Maabara hawajakosea kitu, wamepima maji waliyopewa, yale ya usiku yalishafika mbali.

Sasa geuza jiwe. Wale wadudu walioshika chini ya jiwe wamekaa hapo wiki, miezi, wengine mwaka na zaidi kabla hawajaota mabawa, na hawana pa kuhamia, kila kilichopita usiku kimewapitia wao. Kama kilikuwa kibaya, wale wadekaji (wasiovumilia uchafu) wameshakufa na waliobaki ni masugu. Unachofanya wewe ni kuangalia nani yupo na nani hayupo. Alafu wapo wanaojua miaka ya nyuma ambayo hata mdudu haijui: mvuvi, mchungaji, mama anayefua pale tangu binti yake hajazaliwa. Nimeona watu wanafanya la wadudu vizuri sana na hili la watu wanaliruka, baadaye wanakaa na karatasi yenye namba hawajui namba imetokana na nini. Yafanye yote mawili, na nitakwambia lipi linatangulia.

(Nikisema wadudu naweka humohumo konokono, ruba, minyoo na kaa. Wanabayolojia mnisamehe.)

Jambo moja nilimalize mapema kabisa manake linaleta shida: wadudu wazuri HAWAMAANISHI maji ya kunywa. Mto unaweza kuwa umejaa wadudu wa maji safi na bado una vimelea vya kipindupindu au homa ya matumbo kutoka choo kimoja tu cha pale juu. Wadudu wanakwambia habari za oksijeni, tope, sumu na makazi. Vijidudu vya magonjwa ni kipimo kingine, na maji ya kunywa yanachemshwa au kutibiwa hata kama umekuta kila mdudu wa kwenye kitabu.

VIFAA

Neti ndo kitu kikubwa. Mbinu rasmi nyingi za kusini mwa Afrika zinatumia neti ya mraba yenye mdomo wa sentimita 30 kwa 30 na matundu ya milimita 1. Ya kujitengenezea inafaa sana tu, pinda waya mgumu, funga kwenye mpini wa mti, shona kitambaa cha wavu. Hapa sasa usikilize vizuri: usitumie chandarua chenye dawa. Vyandarua vingi vimetiwa pairethroidi, dawa iliyotengenezwa kuua wadudu, sasa wewe unaitumbukiza mtoni kukamata wadudu uwaone wakiwa hai, jamani. Neti yangu ya kwanza ilikuwa hiyo hiyo, mafunza wote kwenye trei wakaanza kutetemeka na kulala chali na mimi nikadhani ni jua. Tumia kitambaa cha pazia jepesi la wavu, kisicho na dawa.

Vingine: trei au beseni jeupe (jeupe kweli, kwenye la rangi huoni kitu), kijiko cha plastiki, brashi laini ya kupakia rangi, kibanio cha kung'olea nyusi, lenzi ya kukuza mara 10, kipimajoto, penseli na karatasi. Penseli, sio peni, karatasi italowa tu. Simu ya picha, ifunge kwenye mfuko wa plastiki.

Na mwili wako. Gambuti ndefu na glavu za mpira, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono, manake konokono ndo wanaobeba kichocho na vimelea vyake vinaingia kwa ngozi tu, huhitaji kunywa wala kuwa na kidonda. Vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, kwa hiyo asubuhi mapema ni afadhali, ila afadhali sio salama. Kwenye maji ya kasi kuna usubi wanaouma mchana, na sehemu nyingine ndo wanaoambukiza ule upofu wa mtoni, vaa mikono mirefu. Mamba na viboko ulizia wenyeji, usijifanye unajua. Usiende peke yako.

HATUA YA 1: ONGEA NA WATU KABLA HUJALOWA

Watu wengi wanafanya hii mwisho, au hawafanyi. Fanya mwanzo, itakuokolea wiki nzima ya kupiga neti sehemu zisizo na maana.

Usiulize "maji ya hapa ni safi?" Hilo swali halina jibu. Mtu atakwambia safi au machafu kulingana na anavyodhani umetumwa na nani, akidhani umeleta mradi ni machafu sana, akidhani umekuja kufunga shughuli zake ni safi kama machozi. Uliza vitu anavyovigusa kwa mikono. Chambo mnatoa wapi? Zamani mlikuwa mnageuza mawe mnapata nini, na sahivi je? Kaa bado wapo? Usiku mkiwasha taa karibu na mto, wale wenye mabawa marefu bado wanajaa kama zamani? Mawe yanateleza kuliko zamani? Kuna sehemu ng'ombe wanagoma kunywa? (Hili la ng'ombe limenipeleka kwenye bomba lililofichwa majanini ambalo ningelipita mara kumi.) Watoto wakitoka kuoga wanawashwa? Maji yanabadilika rangi siku gani, saa ngapi?

Miaka usiulize kwa tarakimu. Mtu akikwambia "kama 2008 hivi" amekuotea tu ili mkaendelee na mengine. Uliza kwa matukio: kabla au baada ya mafuriko makubwa, daraja lilikuwa limejengwa, mashamba ya ng'ambo yalikuwa yameanza, mtoto wako wa kwanza alikuwa anatembea? Chora mstari chini ardhini, weka vijiti vya matukio, alafu mwache yeye apange kaa walipungua kati ya kijiti gani na gani. Utashangaa anavyojisahihisha mwenyewe, anahamisha kijiti, anamwita mwenzake wabishane, na ule ubishi wao ndo data, andika.

Wasikilize kwa mafungu tofauti. Mvuvi anajua vilindi na usiku, anayefua anajua ukingo na mapovu, mchungaji anajua mto mrefu kwa sababu anaufuata kiangazi chote, watoto wanajua chini ya mawe kuliko wote. Ukiwakusanya pamoja ataongea mzee mmoja na wengine wataitikia. Na changanya umri makusudi: mwaka 1995 mtaalamu wa samaki anaitwa Daniel Pauly aliandika kwamba kila kizazi cha wataalamu wa samaki kinachukulia hali kiliyoikuta kilipoanza kazi ndo ya kawaida. Mtoni ni hivyo hivyo, kijana wa miaka 20 atakwambia kwa moyo safi kabisa kwamba mto haujabadilika. Hajadanganya, yeye hajawahi kuuona ule mwingine.

Majina nayo, pole pole. Jina moja la kienyeji linaweza kubeba wadudu watano, na mdudu mmoja anaweza kuwa na jina akiwa mtoni na jina jingine akishaota mabawa, na mara nyingine wenyeji hawajui kama ni mtu mmoja, na wakati mwingine wanajua vizuri kuliko wewe. Dawa yake ni trei: mpe aone mdudu hai, aseme jina, aseme anapatikana wapi na msimu gani. Picha za kwenye simu ni sawa kwa dharura ila ukubwa unapotea, mtu anaona lidude la inchi sita anakwambia hajawahi kuliona.

Kingine, ruhusa. Kuna sehemu za mto hazikanyagwi na kuna vilindi ambavyo ni siri ya mvuvi na ndo riziki yake. Ukiambiwa pale hapana, ni hapana, na usiweke GPS yake popote.

HATUA YA 2: CHAGUA SEHEMU NA SIKU

Sehemu moja peke yake haikwambii kitu. Unataka angalau mbili, moja juu ya kile unachokishuku na moja chini yake, zinazofanana: kina kilekile, mawe yaleyale, kivuli kilekile. Ukilinganisha mawe ya juu na tope la chini utapata tofauti kubwa na itakuwa tofauti ya mawe na tope, uchafuzi haujahusika. Ukiweza weka ya tatu mbali zaidi chini, manake mto uliopata maji ya chooni huwa unajirudi kidogo kidogo kadiri unavyoteremka, na kujua unajirudi baada ya umbali gani ni habari nzuri kuliko kujua umechafuka. Epuka chini ya daraja na pale watu wanapovukia.

Siku: maji yawe yametulia. Mara ya kwanza kwenda peke yangu nilienda siku mbili baada ya mvua kubwa, maji yalishapungua nikaona safi tu, nikapiga neti nikapata minyoo miwili na buu mmoja mwekundu, nikaandika kwa herufi kubwa MTO UMEKUFA nikapigia na mstari. Kulikuwa na mzee anatega mgono pale juu, ananiangalia tu hasemi. Mwisho akaniambia, "Mwanangu, umekuja nyumba imetoka kufagiliwa, unatafuta vumbi." Akanipeleka nyuma ya mwamba mkubwa pale maji yanapozunguka taratibu, akageuza jiwe moja tu, na mgongo wa lile jiwe ulikuwa unatembea wote. Mafuriko yanakokota wadudu, wanaopona ni wale waliojificha nyuma ya miamba na chini kabisa kwenye kokoto, alafu wanasambaa upya. Ngoja wiki mbili tatu. Ile karatasi ninayo mpaka leo.

HATUA YA 3: ANDIKA KABLA HUJAINGIA

Ukishakanyaga umevuruga, kwa hiyo simama ukingoni kwanza. Tarehe, saa, joto la maji, rangi, harufu, kivuli, nini kiko juu yako. Mambo mawili yanawachanganya watu hapa.

Mapovu. Ya asili yanatokana na majani kuoza, yanakuwa na ukahawia na harufu ya udongo. Ya sabuni ni meupe na yananukia.

Utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua. Watu wakiuona wanapiga kelele mafuta, mafuta! Chukua kijiti uuchome. Ukipasuka vipande vipande kama kioo na vikabaki mbali mbali, hao ni bakteria wa chuma, wa kawaida kabisa. Ukizunguka na kurudi kushikana, hayo ni mafuta kweli.

Angalia na mawe: ukiona kitu kama pamba ya kijivu kimeota na kinapepea na mkondo, kinanuka, hapo kuna maji ya chooni au mabaki ya kiwandani karibu na wala huhitaji neti kulijua hilo.

HATUA YA 4: KUKAMATA

Anzia chini ukipanda juu, usijivurugie. Weka neti imesimama chini mdomo ukitazama maji yanakotoka, wewe simama mbele yake upande wa juu, sugua na kupiga mawe kwa mguu ili vilivyomo vielee vyenyewe hadi kwenye neti. Mawe makubwa yainue kwa mkono, yasugue taratibu mbele ya mdomo wa neti, alafu yarudishe yalivyokuwa, upande wa chini uwe chini, ile ni nyumba ya mtu. Alafu hamia kwenye majani ya ukingoni, swaga neti huku na huku chini ya mimea inayoning'inia, humo ndo kuna kereng'ende na kamba wadogo. Mwisho changarawe na mchanga kidogo. Jumla dakika tano hivi za kazi yenyewe, na dakika zilezile kila sehemu, usipige tatu huku na kumi kule.

Geuza neti kwenye trei yenye maji ya mtoni sentimita mbili. Alafu (na hapa ndo wengi wanaharibu) usiguse kitu. Kaa. Ngoja dakika mbili. Mwanzo utaona takataka tu, majani na mchanga, utasema hamna kitu, alafu jani moja linaanza kutembea, kijiti kinachungulia kichwa, mchanga unapiga kuogelea. Trei kaa nayo kivulini na ubadilishe maji, yakipata joto wale wadekaji wanakufa wa kwanza.

HATUA YA 5: KUWATAMBUA

Huhitaji kujua spishi. Unahitaji makundi, na makundi yanaonekana kwa macho. Wengi hawana majina ya Kiswahili yaliyozoeleka kwa hiyo nitawaita kama tunavyowaitaga mtoni.

Mikia-miwili (plekoptera). Mfalme. Mikia miwili mirefu, vipapasio virefu, mwili imara, manyoya kama pamba kwapani, hayo ndo matamvua yake. Anataka maji ya kasi yenye oksijeni nyingi. Ukimkuta, furahi.

Mikia-mitatu (efemeroptera). Kwa kawaida mikia mitatu, na matamvua yamepangwa kando ya tumbo kama vijani, yanapepea. Wako wa aina mbili za kutenganisha: wale wembamba wanaochomoka kama visamaki, hao ni wavumilivu kiasi, na wale bapa walioshikamana na jiwe au wanaotambaa, hao wanadeka. Akishakuwa mkubwa mdomo wake haufanyi kazi, hali, anaishi saa chache au siku moja hivi, anataga anakufa. Ndo wale wa kwenye taa.

Shida ni kwamba mikia inakatika kwenye neti, kwa hiyo unakuta mwenye mikia miwili na huelewi ni yupi. Chukua lenzi uangalie ncha ya mguu: mikia-miwili ana kucha mbili kila mguu, mikia-mitatu ana moja. Kucha hazikatiki hovyo.

Wajenzi (trikoptera). Wanafanana na kiwavi, miguu sita mbele na vindoano viwili nyuma kabisa. Wengi wanajenga nyumba ya vijiwe, mchanga au vipande vya majani kwa hariri yao wenyewe na wanatembea nayo. Wengine hawana nyumba, wanafuma wavu katikati ya mawe wanasubiri chakula kije. Wavuvi wengi wanawajua kwa chambo.

Kereng'ende na wadogo zake wembamba. Mtoto wa kereng'ende ni mnene, ana taya inayofyatuka kama mkono, na akikimbia anapiga maji kwa nyuma kama roketi, hilo muonyeshe mtoto yeyote hatakusahau. Wale wembamba wana vijani vitatu mkiani, usiwachanganye na mikia-mitatu: mwembamba akiogelea anajipinda kulia na kushoto, mikia-mitatu anajipinda juu na chini.

Kaa na kamba, mbawakawa wa maji na kunguni-maji, konokono, mnyoo bapa (anateleza kama ute, ana kichwa cha mshale), hawa hawasumbui. Ruba ana kifyonzio mbele na nyuma, mnyoo wa kawaida hana.

Mabuu ya inzi na mbu. Hawana miguu ya kweli yenye pingili. Humo kuna mabuu ya usubi, vichupa vidogo vimesimama wima juu ya jiwe vinachuja maji, na kuna aina moja Afrika Mashariki ambayo mabuu yake hayakai kwenye mawe kabisa, yanapanda mgongoni mwa kaa, ilikuja kugundulika Kenya mwaka 1950 baada ya watu kuyatafuta mno kwenye mawe. Na kuna wale wekundu kama damu, na ni damu kweli, wana himoglobini (ile inayobeba oksijeni kwenye damu) kama sisi, ndo maana wanaweza kuishi kwenye tope ambalo oksijeni imekaribia kuisha. Mmoja mmoja ni kawaida. Wakijaa wao peke yao, hapana.

HATUA YA 6: HESABU

Wazo la kupima mto kwa viumbe wake lilipangiliwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Afrika Kusini wakatengeneza SASS, mbinu ya kuupa mto alama kwa wadudu wake, toleo lake la tano likachapishwa 2002, nchi nyingine wakaibadilisha kufuata mito yao, Tanzania wana TARISS, Zambia ZISS, Namibia NASS. Kwa mtu wa kawaida iliyo rahisi ni miniSASS, yaani SASS iliyorahisishwa, makundi 13 tu. Alama zake:

mikia-miwili 17
mikia-mitatu wadekaji 11
wajenzi 9
kereng'ende 6
kaa au kamba 6
mikia-mitatu wembamba waogeleaji 5
kunguni-maji au mbawakawa 5
kereng'ende wembamba 4
konokono 4
minyoo bapa 3
ruba 2
minyoo 2
mabuu ya inzi na mbu 2

Huhesabu wangapi, unahesabu yupo au hayupo. Jumlisha alama za makundi uliyokuta, gawa kwa idadi ya makundi. Tuseme sehemu ya juu umekuta mikia-miwili, mikia-mitatu wa aina zote mbili, wajenzi, kereng'ende, kaa, mbawakawa na mabuu ya inzi: 17+11+5+9+6+6+5+2 ni 61, gawa kwa 8 unapata 7.6. Chini umekuta minyoo, ruba, mabuu, konokono, waogeleaji na kunguni-maji: 2+2+2+4+5+5 ni 20, gawa kwa 6 ni 3.3. Huhitaji mtaalamu kukwambia kuna kitu katikati hapo. Mipaka ya daraja la mto iko kwenye jedwali la miniSASS na inatofautiana mto wa mawe na wa mchanga, usitumie ya mwenzio.

Tahadhari: wastani unadanganya makundi yakiwa machache. Ukikuta mikia-miwili mmoja tu na hakuna kingine, hesabu inakupa 17, mto bora duniani! Hapana, rudi upige tena. Na mbinu hii ni ya maji yanayotiririka, bwawa na pale mto unapoingia baharini sio kwake.

HATUA YA 7: NANI KAONDOKA, KWANINI

Hapa ndo utamu wenyewe, namba inakwambia kuna shida ila orodha inakwambia shida gani.

Wadekaji wameondoka, minyoo na mabuu mekundu yamejaa kupindukia: maji ya chooni, samadi, mabaki ya chakula. Bakteria wanakula uchafu huku wanamaliza oksijeni. Wingi wa viumbe unaweza hata kupanda, ila aina zimekwisha.

Aina zote zimepungua na wingi pia umepungua, mawe yamezikwa na mchanga laini: tope. Nafasi kati ya mawe ndo vyumba vyao na vimeshaziba. Angalia mashamba ya ukingoni, uchimbaji mchanga, barabara mpya.

Mawe yana nywele ndefu za mwani wa kijani, konokono wengi: mbolea. Hapa usipime oksijeni mchana ukafurahi, mchana mwani unatoa oksijeni, usiku unaivuta, mbaya kabisa ni kabla ya alfajiri.

Konokono na kaa hawapo lakini baadhi ya wadudu wapo: shuku tindikali, mfano maji ya mgodini, manake gamba linahitaji chokaa.

Na hii inayoniumiza roho zaidi: maji maangavu, mazuri kwa macho, konokono wapo, minyoo ipo, lakini kila chenye miguu yenye pingili hakipo, wala kamba wala mikia-mitatu. Dawa ya kuulia wadudu.

Kabla hujamlaumu mtu kumbuka joto. Maji ya nyuzi 10 yakijaa oksijeni yanabeba kama miligramu 11 kwa lita, ya nyuzi 30 yanabeba 7 na nusu hivi, hiyo ni usawa wa bahari. Mto wa bondeni wenye joto kukosa mikia-miwili inaweza kuwa asili yake tu. Ndo maana unalinganisha na sehemu yake ya juu, na unawauliza wazee kama waliwahi kumuona.

HATUA YA 8: RUDI KWA WALEWALE WATU

Beba trei mbili, ya juu na ya chini, ziweke mbele yao usiseme kitu. Usianze na 7.6 na 3.3.

Niliwahi kufanya hivi sehemu ambayo watu wote walikuwa wameniambia upande fulani maji ni mazuri, meupe, wanachota huko. Trei ya huko ilikuwa na konokono na minyoo basi. Wakabisha, wana haki, macho yao yanaona maji meupe. Mama mmoja ndo akasema, kwa sauti ndogo tu, kwamba kaa wanakufaga pale, sio siku zote, wanatoka nje ya maji wanalala chali, mara moja mbili kwa msimu. Msimu gani? Nyanya zikianza kutoa maua. Mwingine akadakia, ndo tunapopiga dawa, na mabomba tunaoshea pale. Kikao kikanyamaza kidogo. Mimi peke yangu na neti yangu ningejua kuna sumu lakini nisingejua ni ya mabomba ya kuoshewa, wala ya wiki gani, na wao walikuwa na wale kaa miaka yote ila hawajawahi kuwaweka pamoja na dawa. Mabomba yakahamia kuoshewa mbali na mto. Msimu mmoja ukapita hamna kitu, uliofuata wakarudi waogeleaji, wadekaji bado nawasubiri.

Mkitofautiana kabisa, andika yote mawili, usifute la kwao kwa sababu halina namba. Na ukienda kwa mamlaka ya maji nenda na kila kitu: tarehe, picha za trei, alama za juu na chini, maneno ya watu bila majina yao kama wanaogopa, na sasa ndo uombe kipimo cha maabara, safari hii ukijua uchotwe wapi na wiki ipi.

Rudia kila msimu, sehemu zilezile, piga picha ukisimama palepale.

KUFUNGA

Wadudu wote rudisha mtoni walipotoka. Neti, trei, gambuti sugua tope lote na uanike juani mpaka zikauke kabisa kabla ya kuingia mto mwingine, manake konokono wageni wanasafiri kwa tope la kwenye soli. Na kabla hujavaa zile gambuti tena zikung'ute, kuna siku nilizilaza ukingoni wakati wa kula, kaa mdogo akaona amepata nyumba, na kidole gumba changu ndo kilichomfahamisha kwamba ina mwenyewe.